Ile "Klik" ya Kwenye Kitufe Imetoka Wapi? Safari ya Mlio Kutoka Filimbi ya Sungusungu Mpaka Dubwi la Mtaani

Chukua picha hii. Saa moja jioni, Katoro, mkoani Geita. Mama wakala yuko chini ya mwamvuli wake, simu mbili mezani, daftari la miamala pembeni. Mbele yake kasimama kijana aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi, buti zimejaa vumbi la mawe toka kwenye karasha. Anataka elfu hamsini iende kwa mama yake Shinyanga mjini. Noti katoa, lakini vidole bado vimezishikilia.

Mama wakala anabonyeza. Ti. Ti-ti. Ti. Halafu kimya. Mtandao unajivuta. Kijana anaangalia simu, mama anaangalia simu, hata bodaboda anayesubiri nauli yake naye kageuza shingo. Halafu: ting!

Mabega yanashuka. Kijana anaachia pumzi. Na hapo, angalia vizuri, hakuna mtu aliyesoma meseji bado. Mlio tu umetosha kuwatuliza watu watatu.

Sasa stori yenyewe ndo hii. Ile "ti-ti" haikutoka kwenye vitufe, na ile "ting" haikutoka kwenye hela. Kioo cha simu hakina springi ndani, hakina chuma kinachogongana. Kingeachwa kama kilivyo, kingekaa kimya kama dirisha. Mahali fulani kuna mtu alikaa chini akaamua mlio gani utoke, utoke sekunde gani, na wewe ujisikieje ukiusikia. Ni hivyo hivyo kwenye kila ukurasa wa mtandaoni wenye kitufe kinacholia: kitufe cha "tuma", cha "nunua", na kile cha "zungusha" ambacho wana wengi wanakijua na hawapendi kukitaja mbele za watu.

Huo mlio una historia, na unamgusa kila anayebonyeza simu akiwa na hela mkononi.

KABLA YA KITUFE KULIKUWA NA FILIMBI

Waswahili hawakusubiri kompyuta kujua kwamba ukiita lazima uitikiwe. Unafika mlangoni kwa watu, unapiga hodi, ndani wanajibu "karibu". Hiyo "karibu" haimaanishi chakula kiko tayari, wala haimaanishi mwenyeji ana hela ya kukukopesha. Inamaanisha kitu kimoja tu: umesikika. Shika hilo neno, umesikika, maana stori yote imelala hapo.

Ukanda huu wa Shinyanga na Geita una somo lake kubwa zaidi la sauti. Baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maeneo ya Kahama na jirani zake, wanakijiji wakajipanga wenyewe. Ndo likazaliwa Sungusungu, likasambaa Usukuma na Unyamwezi, na baadaye sehemu nyingine za nchi.

Silaha zao zilikuwa upinde na mshale, lakini kilichowafanya waogopwe zaidi kilikuwa mlio. Mtu akivamiwa usiku alipiga mwano, ile yowe ya hatari ambayo kila Msukuma anaijua, na filimbi zikafuata. Kijiji cha kwanza kikilia, cha pili kinapokea, cha tatu kinapokea. Mwizi mwenye ng'ombe anakimbia kwa miguu, sauti inamtangulia mbele. Anafika kijiji cha mbali akidhani kawaacha watu nyuma, anakuta wameshaamka na wamekaa njiani.

Sasa kwa nini ule mlio uliaminika? Kwanza, maana yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Pili, kulikuwa na gharama. Ukisikia halafu ukajigeuza upande wa pili kulala, kesho yake faini inakusubiri. Mlio ulikuwa na watu nyuma yake, na hao watu walikuwa na cha kupoteza. Linganisha na "ting" ya kwenye simu, ambayo nyuma yake hujui yuko nani.

1963: KITUFE KILICHOLIA KWA SABABU KILIKUWA KAZINI

Zile simu za zamani zilikuwa na gurudumu la kuzungusha. Unaingiza kidole kwenye tundu, unazungusha, unaachia, linarudi taratibu. Tarehe 18 Novemba 1963, mfumo wa simu wa Bell kule Marekani ukaanza kuwauzia wateja simu ya vitufe, kwenye miji miwili midogo ya Pennsylvania. Kila kitufe kilitoa milio miwili kwa mpigo, mmoja mzito na mmoja mwembamba. Ukibonyeza 5, simu inaimba mawimbi 770 kwa sekunde na 1,336 kwa sekunde kwa pamoja.

Kwa nini milio miwili? Kwa sababu mlio ndo uliokuwa ujumbe wenyewe. Kule kituoni mitambo ilikuwa inasikiliza. Mlio mmoja peke yake ungeweza kuigwa kwa bahati mbaya na sauti ya mtu anayeongea au anayepiga mluzi. Milio miwili iliyochaguliwa makusudi kwa wakati mmoja, hiyo ni ngumu kuiga kwa bahati mbaya. Yaani ule mlio ulikuwa mfanyakazi: ukiunyamazisha, simu haiendi popote.

Simu za mwanzo zilikuwa na vitufe kumi tu. Nyota na reli, yaani * na #, viliongezwa 1968. Hapo unaweza kuanza kutabasamu, maana unajua vilikoishia. Miaka arobaini mbele, Aprili 2008, Vodacom wanaleta M-Pesa Tanzania, na hivyo vitufe viwili ambavyo watu wengi hawakuwa wanavigusa vinageuka mlango wa benki: *150*00#.

Ila kuna kitu kilibadilika katikati na wengi hawakukiona. Kwenye simu ya mkononi, unapopiga namba au unapoingia kwenye menyu ya hela, tarakimu zinasafiri kama data. Mtandao hausikilizi tena ile "ti-ti". Nenda kwenye mipangilio, zima sauti za vitufe, halafu tuma hela: inafika vilevile. Milio bado ina kazi ukipiga huduma kwa wateja na sauti ikakwambia bonyeza moja kwa Kiswahili, lakini kwingine kote imestaafu.

Sasa mbona waliiacha? Kwa sababu ya kidole chako. Mwaka huohuo wa 1968, mtafiti wa IBM aitwaye Robert Miller aliandika kwamba mtu akibonyeza kitufe, jibu lisichelewe zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Likichelewa, mtu anaanza kujiuliza. Akijiuliza anabonyeza tena. Na ukibonyeza mara mbili kitufe cha kutuma elfu hamsini, mzee baba, hayo maumivu hayahitaji maelezo.

Kwa hiyo mlio ulihama kazi. Zamani ulipeleka ujumbe kwa mtambo, siku hizi unapeleka ujumbe kwako wewe, na ujumbe wenyewe ni mfupi: umesikika.

1989: KOMPYUTA INAFUNDISHWA KUGONGA NA KUKWARUZA

Kwenye kompyuta wazo likaenda mbali zaidi. Mwaka 1989 mtafiti William Gaver, aliyekuwa Apple, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita SonicFinder. Ukigusa faili, inalia kama kitu kilichogongwa. Faili kubwa inatoa mlio mzito, ndogo inatoa mwembamba. Ukiiburuta, inakwaruza. Ukiitupa kwenye pipa la taka, kinasikika kishindo. Ni sauti zilizoazimwa kwenye maisha ya kawaida ili akili isihangaike kujifunza upya.

Mwaka huohuo Meera Blattner na wenzake wakaja na njia nyingine: vipande vifupi vya muziki ambavyo havifanani na kitu chochote, ila ukivizoea unajua maana yake. Mpaka leo kila kitufe kinacholia kinafuata mojawapo ya njia hizo mbili. "Kacha" ya kamera ya simu yako ni ya ukoo wa kwanza, imeiga kamera ya zamani yenye pazia la chuma. "Ting" ya meseji ni ya ukoo wa pili.

Na hiyo "kacha" ina kisa chake. Japani na Korea Kusini, simu zinazouzwa huko kwa kawaida haziruhusu kuzima mlio wa kamera, kwa sababu ya watu wanaopiga picha wanawake kwa siri kwenye treni. Umeona? Mlio wa kuigiza kabisa, usio na pazia wala chuma, ukapewa kazi ya ulinzi. Haumhudumii anayebonyeza, unamhudumia aliye mbele ya kamera. Kwa hiyo usiseme sauti ya kubandika ni ya uongo tu. Inategemea imebandikwa kwa faida ya nani.

MIAKA YA FLASH: KURASA ZILIZOPIGA KELELE

Kwenye kurasa za mtandaoni mambo yalianza kwa fujo. Miaka ya 1990 kivinjari cha Internet Explorer kilimruhusu mwenye ukurasa kuweka muziki unaoanza wenyewe. Unafungua ukurasa ofisini, kinanda kinaanza kupiga, bosi anageuka.

Halafu ikaja Flash. Programu yenyewe ilianza 1996 kwa jina FutureSplash, kampuni ya Macromedia ikainunua mwaka huohuo na kuibadilisha jina. Flash ndo iliyofanya kitufe chenye sauti kuwa kitu cha kila mtu. Kitufe chake kilikuwa na hali nne: kikiwa kimetulia, mshale ukipita juu yake, kikibonyezwa, na eneo linalohesabika kuwa ni kitufe. Unaweka mlio pale mshale unapopita, mwingine pale kinapobonyezwa, kazi imeisha. Wabunifu wakapagawa. Kurasa za wanamuziki, za filamu na za magemu zikawa kama gereji: ukisogeza kipanya tu, kwarakwacha.

Kwa Tanzania ya wakati ule hiyo ilikuwa anasa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea sana setilaiti, na kwenye intaneti kafe watu walilipia dakika. Piga hesabu: sekunde moja ya sauti isiyobanwa, ubora wa CD, ni baiti 176,400. Kwa laini ya modemu ya kilobiti 56, hiyo sekunde moja inachukua kama sekunde 25 kushuka. Umelipia karibu nusu dakika ili kitufe kiseme "klik".

Flash ilikufa taratibu. Mwaka 2010 Steve Jobs aliandika wazi kwamba iPhone haitaipokea. Kurasa zikahamia kwenye HTML5, ambayo inacheza sauti bila kuongezewa kitu. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe, waliokuwa wameinunua Macromedia, wakaacha kabisa kuihudumia Flash.

Lakini kabla hata haijazikwa, kulitokea jambo dogo lenye uzito mkubwa. Aprili 2018 Google walibadilisha kivinjari cha Chrome: ukurasa hauruhusiwi kupiga kelele mpaka mtu auguse kwanza. Watu walishangilia. Tatizo likaja pale magemu mengi ya mtandaoni yalipogeuka bubu ghafla, watengenezaji wakalalamika, na mwezi uliofuata Google wakarudi nyuma kwa upande wa sauti za magemu. Desemba mwaka huo sheria ikarudi tena, safari hii waliokuwa na kazi zao wamepata muda wa kujiandaa.

Iangalie vizuri ile sheria. Inasema sauti ya ukurasa isikuite, ikuitike. Wewe ndo unapiga hodi, ukurasa ndo unasema karibu. Ilichukua mtandao zaidi ya miaka ishirini kufika pale ambapo bibi yeyote wa Usukuma alikuwa ameshafika.

KITUFE CHENYE ADABU KINATENGENEZWAJE

Siku hizi kuweka mlio kwenye kitufe ni kazi ya dakika chache kwa kijana yeyote wa Kahama mwenye laptopu na bando. Faili dogo la sauti, mstari mmoja wa JavaScript unaosubiri kitufe kibonyezwe, mwingine unaosema cheza. Kuna ujanja mmoja ambao wanaoanza huwa wanaukosa: mtu akibonyeza harakaharaka, mlio wa pili hautoki kwa sababu wa kwanza haujaisha. Dawa yake ni kuurudisha mlio mwanzo kabla ya kuucheza tena.

Na wala hulazimiki kuwa na faili. Kuna mfumo unaitwa Web Audio, uliopitishwa rasmi kuwa kiwango cha mtandao Juni 2021, ambao kivinjari chenyewe kinatengeneza mawimbi. Kiambie kitoe 770 na 1,336 kwa pamoja kwa nukta kidogo, na kitufe chako kitaimba kile kile kilichoimbwa na kitufe cha 5 mwaka 1963. Hakipakui chochote, hakili bando la mtu.

Ila ufundi siyo kutoa mlio. Ufundi ni kujua utoke lini. Hapa ndo kurasa nyingi zinakosea. Mtu anabonyeza "lipia", papo hapo inalia "ting!" ya furaha, wakati kule kwenye seva hakuna kilichofika. Mjini mtandao unakimbia, kosa halionekani. Lakini mpeleke mtu huyo kwenye machimbo yaliyo mbali na mnara, ambako ombi linaweza kuzunguka dakika nzima halafu likafa. Kasikia "ting", kaweka simu mfukoni, kaondoka. Hela haijaenda.

Kitufe chenye adabu kinatenganisha mambo mawili. "Klik" fupi, kavu, wakati huohuo kidole kinapogusa: maana yake umesikika. "Ting" baada ya seva kujibu tu: maana yake imekamilika. Na mlio wa tatu, tofauti kabisa, kwa ajili ya "imeshindikana". Juu ya hapo kuwe na sehemu ya kuzima sauti, na kila kinachosemwa kwa mlio kiandikwe pia kwenye kioo. Wapo wasiosikia kabisa. Na wapo wanaosikia vizuri tu ila wamekaa pembeni ya karasha linalosaga mawe kutwa nzima, nani atasikia "klik" yako pale?

DETEKTA HAIDANGANYI, ILA HAIJUI KILA KITU

Wachimbaji wadogo wa Geita wana kifaa chao kinacholia: detekta. Unatembea nayo juu ya ardhi, mlio ukibadilika moyo unaruka. Lakini kila aliyeishika anajua kwamba inaweza kulia kwa dhahabu, ikalia kwa msumari, ikalia kwa kipande cha bati. Unachimba nusu saa, unatoa kizibo cha soda.

Hilo ni la zamani sana. Julai 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi na madaktari wakashindwa kuipata mwilini. Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, akaleta kifaa chake cha kusikiliza chuma. Akakipitisha juu ya mwili wa rais, akasikia mlio ambao hakuuelewa. Kitanda kile kilikuwa na springi za chuma. Na daktari mkuu alishaamua risasi iko upande wa kulia, akaruhusu upande huo tu utafutwe. Risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba.

Kifaa hakikudanganya. Kilisema kuna chuma, na chuma kilikuwepo. Aliyepotea ni msikilizaji, aliyeongezea maana ambayo mlio haukuisema.

Kuna watu wamejenga biashara nzima juu ya hilo kosa.

DUBWI LINAPOKUSHANGILIA UKIPOTEZA

Lile dubwi la mtaani, na ndugu yake wa kisasa aliyehamia kwenye simu, anajua sana kuitika. Unaweka mia tano, unabonyeza "zungusha". Picha zinazunguka, zinasimama, taa zinawaka, muziki unapanda, sarafu zinalia chwachwachwa. Umeshinda! Angalia salio: umerudishiwa mia mbili. Umepoteza mia tatu, na umepigiwa makofi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walilichunguza hilo. Kwenye utafiti wao wa 2014 watu walicheza mashine yenye sauti na isiyo na sauti. Wengi waliipenda zaidi ile yenye sauti. Na walipoulizwa wameshinda mara ngapi, walitaja nyingi kuliko ukweli, wakazidisha zaidi pale palipokuwa na sauti. Yaani mlio uliingia mpaka kwenye kumbukumbu ukabadilisha hesabu.

Uingereza walichukua hatua. Tangu 31 Oktoba 2021, michezo ya kuzungusha ya mtandaoni hairuhusiwi kupiga milio ya ushindi pale unaporudishiwa sawa na ulichoweka au pungufu. Mamlaka nzima ya kusimamia michezo ya kubahatisha ilikaa chini kutunga kanuni kuhusu kitufe kilie lini. Tanzania nayo ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2003, na umri wa kucheza ni miaka 18 kwenda juu. Kijana wa machimbo anayelipwa leo na kucheza leo anastahili swali hilohilo liulizwe kwa niaba yake.

Na usidhani ni dubwi tu. Rudi kwenye simu ya mama wakala. "Ting" ya muamala wa kweli, "ting" ya tangazo la bando, na "ting" ya ile meseji maarufu ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa simu nyingi zote zinalia sawasawa. Meseji feki ya muamala inalia vizuri kama ya kweli. Tapeli hahitaji kuiga sauti. Simu inamsaidia bure.

India wafanyabiashara wadogo walikutana na tatizo linalofanana, wateja wakionyesha picha feki za malipo. Kampuni ya Paytm ikasambaza kispika kidogo cha kukaa mezani kwa muuzaji, chenye laini yake, kinachotamka kiasi kilichoingia. Ujanja wake hauko kwenye ukubwa wa sauti. Uko hapa: kinachokiamuru kilie ni taarifa iliyotoka kwenye mfumo wa malipo, siyo simu ya mteja.

Hapo filimbi ya Sungusungu inarudi tena. Mlio unastahili kuaminiwa pale tu unapojua nani kaupiga na atapoteza nini ukiwa wa uongo. Mlio wa dubwi umepigwa na dubwi. Faida ni yake, hasara ni yako.

KATORO, SAA MOJA NA DAKIKA TATU

Kijana kashaanza kuondoka. "Ting" kaisikia, roho imetulia, bodaboda kashawasha pikipiki.

"Baba, subiri kwanza," mama wakala anamwita.

Hajaiamini "ting". Anafungua menyu, anaangalia salio la floti, analinganisha na daftari, anasoma jina la aliyepokea kwa sauti. Kijana anatikisa kichwa, ndo mwenyewe. Ndipo mama anaandika kwenye daftari, kalamu ikikwaruza karatasi. Huo mkwaruzo haukubandikwa na mtu. Hauwezi kutokea mpaka kitu kiandikwe kweli.

Shinyanga, kwenye nyumba moja, simu nyingine inalia "ting". Na mama mtu mzima, kabla hajashangilia, anavaa miwani asome.

Wewe je? Ni mlio gani wa simu umewahi kukuponza, au umewahi kukuokoa? Na ukibonyeza kitu chenye hela, unaangalia salio au unaridhika na "ting"? Dondosha komenti yako hapo chini, na mtagi yule mwana wa "zungusha mara moja tu ya mwisho".